Sitamtoa Yesu Nyumbani kwa Mtu

Nianze na kosa langu, mtu asije akasema nimelificha. Jumapili moja nilisimama mbele ya kanisa zima nikatangaza kwamba mwajiri wangu, bibi wa Kihindi mwenye miaka themanini na kitu, amempokea Yesu. Nilipigiwa makofi. Vigelegele vilipanda mpaka kwenye mabati. Mchungaji wetu, kijana wa umri wa kifungua mimba wangu, alinishika mkono wa kuume akauinua juu mbele ya watu, na mimi nikauacha ubaki juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilifurahia sana. Na habari yenyewe haikuwa kweli, au tuseme ilikuwa kweli kwa namna ambayo hakuna mtu mle ndani aliyekuwa tayari kuisikia, mimi nikiwa wa kwanza.

Kabla ya kazi hiyo nilikuwa mchuuzi wa samaki ufukweni Dunga kwa miaka mingi. Nilijua kupigania ngege, wale sato wakubwa, wa mashua ya kwanza, nilijua kutukana na kutukanwa, na nilikuwa na magoti. Magoti yalipokwisha, jirani yangu wa Kaloleni, mama Mwislamu ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, aliniambia kuna bibi mjini anatafuta mtu wa kumpikia na kumshika mkono akishuka ngazi. Aliishi ghorofani, juu ya duka la vitambaa lililokuwa la mumewe. Watoto wake wote walikuwa ng'ambo na walikuwa wamemsihi awafuate, akakataa. Alizaliwa Kisumu, akaolewa Kisumu, na alisema akifa atachomwa Kisumu. Siku ya kwanza nilipomsikia akisema hivyo, huku anakoroga chai, nilitaka kuchukua mkoba wangu nirudi nyumbani.

Wote waliomjua walimwita Ba, neno ambalo kwao ni mama, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mama. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na mama wawili tu, kila mmoja akimwamuru mwenzake.

Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa samaki. Hakuna samaki, hakuna nyama, hata yai halivuki mlango ule. Aliniambia mimi, mwanamke niliyenuka ziwa miaka yote hiyo! Nikinunua omena mchana, vile visamaki vya ziwani vya kupeleka nyumbani, niliziacha chini kwa askari wa duka, naye alilalamika kila siku kwamba paka wa mtaa mzima wamehamia kwake. La pili lilikuwa chumba cha maombi. Kilikuwa chumba kidogo kando ya jiko, chenye rafu ya mbao, na juu ya rafu walikaa miungu yake: mwenye kichwa cha tembo, mwenye filimbi, mama aliyekaa juu ya ua lililochanua, na wengine ambao sikuwahi kuwajua. Ba alikifagia mwenyewe, akaosha vyombo vyake mwenyewe. Mimi niliishia mlangoni.

Nilimwonea huruma. Nasema wazi, nilimhurumia jinsi mtu anavyomhurumia mgonjwa asiyejua anaumwa. Nilikuwa mama wa kitambaa cha buluu kichwani, mwekahazina msaidizi wa kikundi cha akina mama, na nilikuwa na hakika ya mbinguni kuliko nilivyokuwa na hakika ya maji ya bomba Kaloleni. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kila asubuhi Ba alitoka barazani na chombo cha shaba, akalielekea jua linalochomoza, akamimina maji polepole huku midomo ikicheza. Na kila nikimwona nilimkumbuka bibi yangu mzaa baba, kule Seme, ambaye alitoka nje alfajiri, akalitemea jua mate kidogo, thu, akaliomba limchomozee vizuri na kumtulia vizuri. Bibi yangu alibatizwa akiwa mzee na aliendelea kulitemea jua mpaka alipokufa. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nilipomwona Ba na maji yake, nilirudi jikoni haraka nikajitia kukata vitunguu.

Mwezi wa tisa Ba akaugua kifua. Nilimnunulia picha ya Yesu kwa mchuuzi wa stendi ya mabasi, ile ya moyo unaowaka, yenye fremu ya plastiki ya rangi ya dhahabu. Nikamwambia, "Ba, huyu ndiye anaponya. Mwombe." Aliishika kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso wake, akasema, "Mama, asante sana. Hii zawadi kubwa." Akapona. Daktari alimpa dawa pia, lakini daktari sikumtaja kanisani.

Wiki chache baadaye nilipita mbele ya chumba cha maombi nikasimama kama niliyepigwa. Rafu ilikuwa tupu. Tembo hakuwepo, mwenye filimbi hakuwepo, mama wa ua hakuwepo. Alikuwa amebaki Yesu peke yake katikati ya ubao, na taa ndogo ya samli inawaka mbele yake. Ba alikuwa amelala. Sikumuuliza mtu. Nilipiga magoti palepale mlangoni, na magoti yangu mnayajua, nikalia kwa furaha.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kwake. Sikujua kwamba siku za kuelekea sikukuu yao ya taa, miungu yote ya chuma na shaba hushushwa, ikasuguliwa kwa ndimu na majivu ikang'aa, ikakaushwa juani nyuma ya nyumba. Yesu wangu alibaki rafuni kwa sababu alikuwa karatasi. Huwezi kuosha karatasi.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata jibu nililolitaka. Jumapili ile nikatoa ushuhuda wangu, na mchungaji akatangaza palepale kwamba siku ya Alhamisi atakwenda mwenyewe, na akina mama watatu, kumwombea mwongofu mpya.

Alhamisi wakaja. Ba alifurahi ajabu. Wageni walikuwa adimu siku hizo. Alivaa sari ya pamba iliyopigwa pasi, akaniagiza nitoe ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, na ile mikate myembamba ya dengu, akaketi katikati ya sebule akiwatazama wageni wake kwa macho ya upendo. Mchungaji alikohoa.

"Mama," akasema, "tumesikia habari njema. Ni kweli umempokea Yesu?"

"Ndiyo, ndiyo," Ba akasema. "Mimi napokea yeye mwezi ya tisa. Yeye nakaa hapa. Kuja, kuja ona."

Aliinuka, akanishika mkono, akawaongoza. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa ameshaanza wimbo kwa sauti ya chini. Wimbo ulikatika mlangoni. Rafu ilikuwa imejaa, kila mungu aking'aa kama sufuria mpya, na katikati yao, kati ya mwenye filimbi na mwenye kichwa cha tembo, alikaa Yesu wa stendi ya mabasi. Alikuwa na shada la maua ya manjano shingoni, ndizi mbili mbele yake, na alama nyekundu ya unga katikati ya paji la uso, juu ya kioo.

Nadhani nilisema "ayaye." Sina hakika. Nakumbuka mkono wa Ba ukiwa bado umenishika.

"Hapana, Mama," mchungaji alisema. "Hawezi kukaa na hawa."

Ba alimtazama kwa mshangao mtupu. "Kwa nini? Yeye naambia wewe?"

Hakuna aliyeigusa ladu. Nilizirudisha jikoni zote.

Walinisubiri kwenye ngazi. Mchungaji hakupandisha sauti, namkubalia hilo. Alisema, "Mama, umetuaibisha, na mimi umeniaibisha zaidi. Lakini si kitu, tutarekebisha. Ile picha uitoe, ndani ya wiki mbili. Jumapili ya pili utasimama useme ulidanganywa na kwamba umemtoa Bwana katika sanamu. Mambo yaishe."

"Na nisipoitoa?"

Mwenyekiti ndiye aliyejibu, akishikashika kitambaa chake, akaniita kwa jina la binti wa kwetu. "Nyar Seme, unajua utaratibu. Ukitengwa, unatengwa pamoja na nyumba yako. Hatuwezi kuja kwako kwa jambo lolote. Na unajua mama yako vile ako."

Nilijua. Mama yangu alikuwa kijijini Kombewa, amelala nyumbani baada ya hospitali kutuambia kwa adabu kwamba ni heri apumzike kitandani kwake. Alikuwa wa kanisa lile lile tangu ujana wake. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai, nyumba yake ilikuwa nyumba yangu, na kila mtu kwenye ngazi zile alijua maana ya maneno yale. Mama yangu akifa, hakuna mchungaji, hakuna vitambaa vya buluu, hakuna nyimbo zake. Atazikwa kama mtu aliyeokotwa. Walinipa wiki mbili kuchagua kati ya picha ya stendi na maziko ya mama yangu. Niliwaambia nimesikia. Nilipanda ngazi zile kwa hasira ambayo sijapata kupanda nayo tena.

Na hasira yangu ya kwanza, niseme ukweli, haikuwa kwa kanisa. Ilikuwa kwa Ba.

"Umemfanya nini Yesu wangu?" nilimuuliza. "Nilikupa akuokoe. Wewe umemweka foleni na tembo."

Alikaa kwenye kiti chake cha jikoni, akafikiri. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini alipotaka kusema jambo alilisema. Aliniambia Mungu ni mmoja, hana sura, hana mwanzo, na hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kumbeba mzima. Kwa hiyo mtu hupewa sura moja ya kupenda, ile ambayo moyo wake unaielekea, na kwa sura hiyo anampenda Mungu mzima, si kipande. Mumewe alimpenda mmoja, dada yake alimpenda yule mama wa ua, yeye mwenyewe tangu utotoni alimpenda mwenye filimbi. Waliishi nyumba moja, na hakuna aliyejaribu kumgeuza mwenzake.

"Kwa hiyo Yesu wangu ni mdogo wake huyo wa filimbi?"

"Hapana mdogo, hapana mkubwa," alisema. "Kwa wewe, Yesu iko yote. Hakuna ingine. Wewe tembea na yeye mpaka mwisho, hapana angalia kando. Kwa mimi, huyu iko yote. Mimi naweka Yesu hapa sababu wewe napenda yeye, na mimi naumwa wewe nalia. Iko mgeni yangu. Mgeni ya kweli."

Nilisema hiyo ni njia ya kummeza mtu. Wewe unamkaribisha Yesu, nikamwambia, unampa maua, unampa ndizi, na ukimaliza amekuwa mmoja wa watu wako. Hujabadilika hata unywele. Akasema, "Wewe nataka mimi nabadilika. Mimi hapana taka wewe nabadilika. Nani nameza nani?" Nilikosa jibu, na mimi nikikosa jibu huwa mbaya.

Sijawaambia habari ya kikombe. Katika nyumba ile kulikuwa na kikombe changu. Cha bati, cha buluu, kilichobanduka ukingoni, kilikaa peke yake chini ya sinki pamoja na sahani yangu. Vyake vilikaa kabatini, vya chuma king'aacho, na havikuchanganyika na changu hata wakati wa kuoshwa. Hakuna aliyeniambia lolote siku ya kwanza, nilionyeshwa tu. Kila mama aliyefanya kazi katika nyumba za namna ile anakijua kikombe hicho.

Nilikitoa chini ya sinki nikakiweka mezani mbele yake.

"Ba," nikasema, "rafu yako ina nafasi ya Mungu wa kila mtu. Kabati lako halina nafasi ya mdomo wangu. Sasa hiyo falsafa yako inaishia wapi? Inaishia mlango wa jikoni?"

Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. Mkoba wangu ulikuwa begani. Alikivuta kile kikombe karibu, akapitisha kidole ukingoni palipobanduka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hii hapana Mungu nasema. Hii mama yangu nafundisha, na mama yake. Iko kosa yangu."

"Kosa lako ndilo ninalonywea chai kila siku," nikamwambia, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilikuta chai imekwisha kuandaliwa, vikombe viwili vya chuma vinavyofanana, na amemimina yeye mwenyewe, nusu ya chai ikiwa mezani. Tulikunywa pamoja. Msidhani mambo yalinyooka. Kuna siku alisahau, mkono ukaenda chini ya sinki kwa mazoea ya miaka sabini, nami nikamrudishia kile kikombe cha bati bila kupepesa jicho, naye akaona haya akabadilisha. Hata kwao kulikuwa na walionuna: mzee mmoja wa hekalu lao alikuja kumwambia picha ya Wakristo inachafua chumba, na nilimsikia Ba akimfokea kwa lugha yao mpaka mzee akavaa viatu vyake kinyume akishuka. Nilianza kumheshimu siku hiyo. Mtu anayekubali kupigana na watu wake kwa ajili ya mgeni wake, huyo si mgonjwa wa kuhurumiwa.

Lakini siku zangu zilikuwa zinakwisha. Wiki ya pili nilikwenda Kombewa kumwona mama. Nilikuwa nimeshaamua kuitoa ile picha. Ndiyo, nilikuwa nimeamua. Ningemwambia Ba nataka kuifuta vumbi, ningeibeba kwenye mkoba, na mama yangu angezikwa kwa nyimbo. Nilitaka tu kumweleza mama ili nisikie mtu akiniambia nimefanya vema.

Mama alikuwa amekonda mpaka kitanda kikaonekana kikubwa. Nilimweleza yote, kuanzia kwenye ushuhuda wangu mpaka kwenye ngazi. Nilipofika kwenye alama nyekundu ya paji la uso alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Huyo bibi anampa Yesu nini?"

"Ndizi. Na maua. Na taa kila asubuhi."

"Wewe unampa nini kila asubuhi?"

Nilimnyooshea shuka.

"Nyathina, mwanangu," mama akasema, "sisi tunamwita Nyasaye. Tunamwita Were. Tunamwita Nyakalaga, anayetambaa kila mahali. Tunamwita Jachwech, mfinyanzi. Hao ni miungu wangapi? Huyo kijana wa kanisa amewahi kukuuliza ni wangapi?"

"Lakini mama, watakataa kuja kukuzika."

"Wakatae." Alifunga macho, nikadhani amelala. "Mimi sizikwi na kitambaa. Nazikwa na udongo. Wewe unajua kusoma, au nilikupeleka shule bure? Kitabu changu cha sala kiko chini ya mto. Wakikosa kuja, soma wewe."

"Mimi? Mwanamke?"

"Kwani mimi nitakuwa nimelala pale kuangalia kama ni mwanamume?"

Nilibaki nimemshika mkono mpaka wakati wa gari la mwisho la kurudi mjini. Njia nzima nilikuwa nalia na kucheka, na watu wakanitazama, nikawaacha watazame.

Jumapili ya pili nilivaa kitambaa changu cha buluu, nikakaa benchi la mbele. Mchungaji aliniita. Kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana habari za namna hiyo hazihitaji tangazo, zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu za watu wote. Nilisimama. Magoti yaliuma, nikashika ukingo wa benchi.

Nikasema, "Ni kweli nilikosea. Nilisema yule mama ameacha dini yake. Hajaacha. Nilidanganyika mwenyewe, hakuna aliyenidanganya, na ninaomba msamaha kwa kuwapigisha vigelegele bure."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. "Na ile picha, Mama?"

"Picha ipo."

Minong'ono ikaanza. Nilingoja ikome, haikukoma, nikaongea juu yake kwa sauti yangu ya Dunga, ile inayofika mpaka mashua ya tatu.

"Mmenituma nikamtoe Yesu nyumbani kwa mtu," nikasema. "Nimekaa kanisani humu tangu nikiwa msichana, nimefundishwa kumwingiza Yesu kwenye nyumba za watu. Kumtoa sijafundishwa. Yule bibi anamwashia taa kabla hajanywa chai. Mmoja wenu anafanya hivyo? Mimi sifanyi. Mnasema amekaa na watu wabaya. Nyinyi mnaosoma, niambieni, ni lini Yesu alikataa kukaa na mtu kwa sababu ya waliokaa mezani? Mimi Yesu wangu ni mmoja, simchanganyi na mtu, nitakufa naye. Lakini sitamnyang'anya mtu aliyempokea kwa mikono miwili kwa sababu hakumpokea kwa mtindo wetu. Kama kuna anayeweza, ngazi mnazijua. Aende, apande, amtoe kwa mkono wake mwenyewe."

"Mama, kaa chini," mchungaji alisema.

"Nakaa. Lakini nimesema."

Hakuna aliyekwenda kuzipanda zile ngazi, siku hiyo wala siku nyingine. Lakini barua ilikuja, yenye muhuri. Nilivuliwa kazi ya kikundi, nikazuiwa mezani pa Bwana, na mimi na nyumba yangu tusihudumiwe mpaka nitakapotubu. Niliisoma nikaikunja. Iliuma. Wanaosema kwamba ukijua uko upande wa haki huumii, hawajawahi kutazama kikombe cha Bwana kikipita mbele yao kikaenda kwa jirani. Niliendelea kwenda kila Jumapili, nikakaa nyuma nilikowekwa, nikaimba kwa nguvu kuliko wote. Kikombe kilipopitishwa nilitazama mbele.

Mama alifariki mwezi wa pili.

Niliwapelekea habari, kwa sababu ni desturi, na hawakujibu. Siku ya maziko binamu zangu walikuwa wamechimba tangu alfajiri, udongo mwekundu ukawa mlima kando ya nyumba. Ba alikuja na gari la kukodi, amevaa sari nyeupe, watu wakamtazama; nilimpa kiti kati ya shangazi zangu akakaa, mikono mapajani. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mzee mmoja wa ukoo akaanza kuuliza mchungaji yuko wapi, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu.

Ndipo nilipowaona wakiingia langoni. Walikuwa akina mama kumi na wawili, mwenyekiti akiwa mbele. Hakuna aliyevaa kitambaa cha buluu. Walikuwa wamefunga leso za nyumbani, zile za kupikia, moja ina doa la mafuta.

"Nyar Seme," mwenyekiti alisema, "kanisa limekataa kuja. Sisi tumekuja tu kama majirani." Akanikumbatia, akaanza wimbo alioupenda mama, na wenzake wakaupokea.

Wimbo ulipokwisha, yule mzee akauliza, "Sasa nani ataomba? Mchungaji hayuko."

"Mimi," nikasema.

"Mwanamke atazika?"

"Unaona nani mwingine amekuja?"

Nilifungua kitabu cha mama. Kurasa zilikuwa laini kwa kushikwa, na kwenye sala ya maziko alikuwa ameingiza uzi, sijui lini. Nilisoma maneno yote mpaka mwisho, ya udongo kwa udongo, nikafunga kitabu. Watu wakaanza kurusha udongo. Ba alikuja kando yangu akauliza, "Mimi naweza?" Watu wake huchoma, hawafukii, hakujua hata achukue kiasi gani. Nikamwambia achukue. Alijaza viganja vyote viwili, akauachia, akafuta machozi na udongo ukabaki usoni mwake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kama kawaida. Mchungaji alikuwa mlangoni anasalimu watu. Aliponiona akanivuta kando.

"Pole sana, Mama," akasema, na nadhani alimaanisha. Kisha akashusha sauti. "Nimesikia maziko yalifanyika kwa sala zetu. Nani aliongoza?"

"Mimi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya marehemu," nikasema.

Nilimpita nikaingia. Sikwenda nyuma. Nilitembea mpaka benchi la mbele, lililokuwa limejaa vitambaa vya buluu kutoka mwisho hadi mwisho, nikasimama pale bila kuomba chochote. Mwenyekiti alinitazama, akatazama mlangoni, kisha akasogea, na aliye kando yake akasogea, wote wakasogea, nikakaa.